Shangazi, mzee anataka matangazo, lakini madaftari yake yanaonyesha madeni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara, nasoma ughaibuni. Muhula huu tuna somo lisilo na mtihani. Chuo kimetugawa vikundi vya watu wanne, kila kikundi kimepewa biashara ndogo ya huku tuliko, tunaishauri muhula mzima, halafu tunawasilisha ripoti mbele ya mwenye biashara na mhadhiri. Alama zote za somo zinatoka hapo.

Sisi tulipangiwa karakana ya samani. Mwenyewe ni mzee fundi, mikono yake ni ya ajabu kwa kazi ya mbao. Ana mafundi wachache, na mwanawe wa kiume ndiye anayehangaika na wateja, bei na ankara. Mzee hajui lugha tunayosomea, na sisi lugha ya huku tunaibabaisha tu, kwa hiyo kila neno linapita kwa kijana.

Siku ya kwanza mzee alituambia shida yake ni moja: wateja hawatoshi. Anataka mpango wa matangazo, tovuti mpya, na kuuza mtandaoni. Wenzangu wakafurahi, maana ndiyo kazi wanayoipenda. Mimi nikapewa hesabu.

Shangazi, wateja wapo. Nilizipanga ankara zote za mwaka uliopita kwa tarehe, nikaona karakana inauza vizuri tu, na kila kabati lina faida kwenye karatasi. Ila fedha hairudi. Kuna wenye maduka wanaochukua mzigo na kulipa baada ya miezi mitatu, wengine zaidi, wakati mbao hulipiwa ndani ya mwezi. Kila mwisho wa mwezi mzee anatafuta mishahara kwa tochi. Anayewakopesha hao wenye maduka ni kijana wake, na sidhani kama baba anajua ukubwa wa deni.

Nikawaeleza wenzangu. Mmoja akasema, "Mteja kaomba matangazo, mpe matangazo, tuchukue alama zetu twende." Wa pili akasema si adabu wageni kuingilia mambo ya baba na mwana. Wa tatu yeye, ili kupunguza kazi, alipakia daftari zima la wadeni kwenye programu ya akili mnemba imfanyie muhtasari. Mhadhiri bado hajui lolote.

Juu ya hayo mzee amenipenda. Juzi, kupitia kijana wake, ameniomba niendelee kumfanyia hesabu somo likiisha, jioni na wikendi, anilipe mkononi bila karatasi. Shangazi, fedha naihitaji, sitakuficha. Viza yangu ni ya mwanafunzi. Na tayari ananitumia ujumbe hadi usiku: mara nirekebishe tovuti, mara nimpigie mteja, mara nimtafutie bei ya mashine. Tasnifu yangu sijaigusa tangu muhula uanze.

Niseme ukweli au ninyamaze? Fedha yake niichukue? Na nitasoma saa ngapi?

Mwanafunzi, ughaibuni

---

Marahaba mwanangu.

Naanza na kijana wa mzee, kwa sababu hapo ndipo kazi yenu ilipokwama. Anayekopesha wateja ndiye huyo huyo anayewatafsiria. Hata mwandike ripoti nzuri namna gani, itamfikia mzee ikiwa imepita kwenye mdomo wa mtu ambaye ripoti inamgusa. Simwiti mwongo. Mtu mwaminifu kabisa, akitakiwa kutafsiri maneno "mikopo ya wateja haina usimamizi" mbele ya baba yake na wageni wanne, atayalainisha. Nawe ungeyalainisha. Basi siku ya kuwasilisha awepo mkalimani mwingine. Chuoni hakosekani mwanafunzi mzaliwa wa nchi hiyo, na mhadhiri wenu anaweza kusaidia kumpata. Asaini karatasi ile ile ya kutunza siri mliyosaini nyinyi. Kama nyinyi hamkusaini, saini zenu na yake zipatikane wiki hii.

Zaidi ya hapo, andaeni ukurasa mmoja wa namba kwa lugha ya mzee, kwa herufi kubwa, mumkabidhi mkononi. Mtu aliyepima mbao maisha yake yote hatishwi na namba. Kinachomchosha ni slaidi arobaini zenye mishale.

Lakini kabla ya siku hiyo, zungumzeni na kijana akiwa peke yake. Najua wapo watakaokwambia umruke uende moja kwa moja kwa baba. Mimi sikubali. Nyinyi mtaondoka muhula ukiisha, yeye atabaki, na ndiye atakayetekeleza au kuifukia ripoti yenu. Mkimwaibisha mbele ya baba yake, ataifukia. Mwonyesheni mlichokiona, mwambieni wazi kuwa kitamfikia mzee, kisha mnyamaze mumsikilize. Hapo mnampa taarifa, hamwombi ruhusa. Yule mwenzako anayesema si adabu kuingilia mambo ya baba na mwana, adabu yake ipate kazi hapa, kwenye namna ya kusema.

Mwulizeni mambo mawili. La kwanza, mikopo hiyo ilianzaje? Daftari haliandiki nani alimwahidi nani. Huenda mwenye duka mkubwa ni rafiki wa zamani wa mzee mwenyewe, na kijana anabeba ahadi ambayo hakuitoa. Huenda duka hilo huwapa nafasi ya mbele dirishani, nalo lina thamani yake. La pili, yeye analipwa vipi? Kama anapewa kamisheni kwa kila kinachouzwa, basi mmepata mzizi. Mtu anayepimwa kwa mauzo atamuuzia hata asiyelipa, na hatakuwa na kosa, amefanya alichoagizwa. Dawa yake ni ndogo: kamisheni ilipwe fedha ikiingia, siyo mzigo ukitoka.

Sasa ukweli wenyewe. Unaogopa kumwambia mzee kuwa ameuliza swali lisilo lake. Hakuna haja ya kumwambia hivyo. Mwonyeshe swali lake linampeleka wapi.

Chukua namba za mfano, fedha ya nchi yoyote. Tuseme karakana inauza 1,200 kwa mwaka, yote kwa mkopo, na leo wateja wanadaiwa 300. Gawanya 300 kwa 1,200, zidisha kwa 365. Unapata siku 91. Ndizo siku ambazo fedha ya mzee inakaa nje kwa wastani. Mwenye mbao anataka chake siku ya 30. Kwa hiyo kwa siku 61 hivi mzee ndiye anayewakopesha wenye maduka, bila riba, na hapo sijahesabu siku ambazo kabati lilikuwa karakana likisubiri vanishi ikauke.

Haya, tangazeni. Tuseme matangazo yenu yamefaulu kuliko mlivyoota, mauzo yamepanda kwa nusu, yamefika 1,800. Kama wateja wanalipa kwa mwendo ule ule wa siku 91, sasa wanadaiwa 450. Zimeongezeka 150 zilizoko nje. Faida ya mzee ikiwa sehemu moja ya kumi ya bei, mauzo mapya ya 600 yatamletea 60 kwa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya zile 150 lazima aitoe mfukoni mapema, kwa mbao na mishahara, ndipo aione hiyo 60. Ataitoa wapi? Ama benki, ama kwa kuwachelewesha mafundi. Biashara inaweza kufa ikiwa na oda tele mkononi, na nyinyi mtakuwa mmeisaidia kufika huko haraka, kwa tovuti nzuri.

Rudia hesabu hii kwa namba halisi za karakana. Ndiyo ukurasa mmoja niliokutajia. Mpe na yule mwenzako anayetaka alama, maana naye ana hoja: mzee aliomba matangazo na ana haki ya kuyapata. Mpeni, lakini yaelekezwe kwa wateja wanaolipa kwanza. Mtu anayeagiza kabati la kupimiwa nyumbani kwake haoni ajabu kuombwa arbuni ya nusu bei kabla mbao haijakatwa. Tangazeni kwa hao. Kila oda ya namna hiyo inaingia na fedha ya kununulia mbao zake. Hapo kazi ya wenzako ya matangazo na kazi yako ya hesabu zinakuwa ripoti moja, na ugomvi wenu wa kikundi unakosa cha kugombania. Kuhusu alama, someni tena karatasi ya vigezo vya kusahihishia. Nitashangaa sana kama hakuna alama za kutambua tatizo.

Kwa wenye maduka, anzeni na mambo yasiyo na gharama. Ankara itoke siku mzigo unapotoka, siyo mwisho wa mwezi. Iandikwe tarehe ya kulipa, siku na mwezi, badala ya maneno ya jumla kama "ndani ya muda unaofaa". Kila mteja awe na kikomo cha deni, akikifikia mzigo unasubiri. Msikimbilie kupendekeza punguzo kwa anayelipa mapema; wanafunzi wa biashara mnalipenda sana kwa sababu limo vitabuni. Punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa siku ya 10 badala ya siku ya 30 ni sawa na mzee kulipa riba ya takriban asilimia 37 kwa mwaka. Benki nyingi zingemkopesha kwa bei nafuu kuliko hiyo.

Angalieni pia sheria ya hapo mlipo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna mwongozo wa mwaka 2011 kuhusu ucheleweshaji wa malipo: kati ya biashara na biashara muda wa kulipa usizidi siku 60 isipokuwa pande zote zimekubaliana waziwazi na makubaliano hayo hayamwonei mdai, na anayechelewa anadaiwa riba ya pointi 8 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Ulaya, pamoja na fidia isiyopungua euro 40. Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1998, nayo inaruhusu riba ya pointi 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Huenda mzee hatathubutu kumdai riba mteja wake mkubwa, nami simlaumu. Lakini kuiandika chini ya ankara hakumgharimu kitu, na mhasibu wa upande wa pili huisoma.

Mhadhiri ajue yote haya kabla ya mzee. Hilo halina mjadala. Yeye ndiye aliyeingia makubaliano na karakana, na baba na mwana wakikosana, yeye ndiye atakayepigiwa simu.

Na hapo hapo mwambieni habari ya daftari lililopakiwa kwenye akili mnemba. Yule mwenzenu amefanya jambo zito kuliko anavyodhani. Deni la kampuni ni siri ya biashara, na kama humo kuna majina na anwani za watu binafsi waliojinunulia samani, ni taarifa binafsi za watu. Umoja wa Ulaya umekuwa na kanuni kali juu ya hilo tangu tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingi nyingine zina sheria za aina hiyo. Anayebanwa kwanza ni mwenye biashara, mzee wa watu asiyejua hata kilichofanyika. Mwenzenu afute mazungumzo yale na faili lenyewe, aombe lifutwe upande wa watoa huduma kama kuna njia, na mzee aambiwe. Kuanzia sasa majina yatolewe, kila mteja apewe namba, na orodha ya kuunganisha namba na jina ibaki kwenye kompyuta ya karakana.

Tuje kwenye fedha ya mkononi. Usiichukue.

Hukunitajia nchi, kwa hiyo nitagusa kadhaa, na wasomaji walio huko wachukue kinachowahusu. Uingereza, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kwa kawaida kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini kujiajiri kumekatazwa kabisa, na mshauri anayelipwa na mteja wake moja kwa moja ni mtu aliyejiajiri. Kusema "mimi nilijitolea tu" hakusaidii sana, maana hata kazi isiyo na malipo inaweza kuhesabiwa ndani ya saa hizo. Ujerumani, tangu Machi 2024, wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya huruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, ila kujiajiri kunahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni. Kanada, tangu Novemba 2024, ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Australia, tangu Julai 2023, ni saa 48 kwa wiki mbili. Marekani ndiko kugumu zaidi: mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, hafanyi kazi nje ya chuo bila idhini ya mapema, ama ile inayoitwa CPT ambayo hutolewa kazi ikiwa ni sehemu ya masomo, ama OPT inayohusu fani aliyosomea.

Ona kitu kimoja ndani ya orodha hiyo, kwa sababu ndicho kinachowaponza wengi. Watu huuliza "saa ngapi?" na kusahau kuuliza "kazi ya aina gani?" Unaweza kufanya saa tano tu kwa wiki na ukawa umevunja masharti ya viza, kwa sababu saa hizo tano ulikuwa umejiajiri. Leo unaposhauri karakana uko chini ya mwavuli wa chuo: ni somo, lina msimamizi, lina alama. Somo likiisha, mzee ni yule yule na madaftari ni yale yale, lakini mwavuli umefungwa.

Usimwangalie mzee kana kwamba anakutega. Huenda hajui. Mwenye biashara ndogo anaona kijana hodari, anataka kumlipa, basi. Lakini naye yumo hatarini. Uingereza, tangu Februari 2024, mwajiri aliyemweka mtu asiye na haki ya kufanya kazi hiyo anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mtu, na hilo ni kosa la kwanza. Karakana inayotafuta mishahara kila mwisho wa mwezi haiwezi kunyanyuka tena baada ya faini kama hiyo.

Njia halali zipo, na moja naipenda kuliko nyingine. Tasnifu hujaigusa, siyo? Basi muulize msimamizi wako kama karakana inaweza kuwa tasnifu yako: mikopo ya wateja katika biashara ndogo ya familia, namba unazo, na mwenye biashara anakutaka uendelee. Mzee atoe ridhaa kwa maandishi, jina la karakana lifichwe, na utamfanyia mzee kazi ile ile aliyotaka kukulipia, lakini ikiwa ndani ya masomo yako. Haitakujaza mfuko, ila itakurudishia muda ambao ungeugawa kati ya kazi mbili, nao mwanafunzi ananunua kwa bei kubwa kuliko anavyofikiri. Ukitaka fedha hasa, mwambie mzee akuajiri kwa mkataba wa kawaida wa saa chache, wenye kodi na bima, kama viza yako inakubali ajira ya namna hiyo.

Chunguza pia kama chuoni kuna Junior Enterprise. Hivi ni vyama vya wanafunzi vinavyofanya kazi za ushauri kwa wateja wanaolipa. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1967 kwenye chuo cha biashara cha ESSEC nchini Ufaransa, na Brazil hata ilivitungia sheria yake mwaka 2016. Anayeingia mkataba na mteja ni chama, siyo mwanafunzi mmoja mmoja, kuna bima na kuna anayekagua kazi. Hata hapo uliza kwanza namna ya kulipwa inavyokutana na viza yako. Swali lipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa barua pepe, upate jibu la maandishi. Masharti haya hubadilika, na jibu la rafiki aliyehitimu mwaka juzi halitakulinda.

Ujumbe wa usiku ni tatizo dogo kuliko unavyoliona. Mzee hajaambiwa kazi yenu inaishia wapi, kwa hiyo kila kitu ni chenu. Mwandikieni ukurasa wa makubaliano, mwambie mhadhiri aupitie: tutakupa hiki na hiki, tarehe fulani, hatutajenga tovuti, hatutapigia wateja simu, hatutanunua mashine. Tovuti mwandikieni maelezo ya anachohitaji ili ampe mtengenezaji. Ujumbe wote uje kwenye namba moja ya kikundi, ujibiwe siku moja ya wiki iliyopangwa. Kikundi kina watu wanne, na nahisi wewe ndiye unayejibu peke yako. Acha.

Kuna kitu kimoja cha kumwachia ambacho nakitilia mkazo kuliko ripoti. Ni jedwali la safu nne: mteja, kiasi, tarehe ya kulipa, siku zilizopita tangu tarehe hiyo. Kijana alijaze mwenyewe, kila Jumatatu akae nalo na baba yake kwa robo saa, wachague watu watatu wa kupigiwa simu. Mwanzisheni mapema, mkiwa bado mpo, ili mwone wapi linawashinda. Likiwa gumu kidogo tu, litaachwa mara mtakapotoa mguu.

Na mzee mjibu leo, usimweke njia panda. Mwandikie kwa lugha yake, kwa msaada wa mkalimani mpya, siyo wa kijana: "Nashukuru kwa kuniamini. Viza yangu hainiruhusu kulipwa kwa namna hiyo, na ingekuletea matatizo hata wewe. Naomba kuendelea na kazi hii kama utafiti wangu wa chuo, bila malipo, ukiridhia. Ninachokuomba ni barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya." Barua hiyo iseme ulichofanya bila kutaja namba za biashara, iwe na saini yake na tarehe, na uichukue kabla muhula haujafungwa.

Shangazi